Router mbili Tongaren, mama mkwe mmoja, na mtoto wangu alikuwa bado hana jina

Wakuu, niaje.

Mimi huku huwa nasoma tu na kupita. Lakini leo mvua imefungia watu ndani hapa Kitale, nimekaa na chai, na hii story imenikalia kifuani nikaona heri niitoe. Naiandika vile ilitokea, sijaongeza chumvi. Mahali sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki, maana wiki hiyo nilikuwa nalala nikiwa nimesimama.

Kazi yangu ni internet ya mashinani. Ile ya antenna juu ya paa, waya inashuka ndani, router inawashwa, watu wanapata wifi. Nazunguka na pikipiki, upande wa Kitale na upande wa Bungoma.

Wazazi wangu ni Wakikuyu. Walitoka Central wakanunua shamba huku Trans-Nzoia, mimi nikazaliwa hapa. Bibi yangu Nafula ni Mbukusu wa Tongaren. Tumeoana, tuko na msichana wa kwanza anaitwa Wanjiru, Shiru kwa kifupi, jina la mama yangu. Kwa hivyo huku ukweni mimi naitwa Baba Shiru.

Sasa msikilize hapa vizuri, ndio msipotee mbele.

Kwetu Wakikuyu, msichana wa kwanza anaitwa mama ya bwana. Wa pili anaitwa mama ya bibi. Hakuna mjadala. Na huyo nyanya akiwa hai, ndio inakuwa tamu zaidi, anajiona akikimbia tena kwa boma akiwa mdogo.

Kwa watu wa Nafula si hivyo. Mtoto anapewa jina la mtu aliyeenda. Tena huyo mtu mara nyingi anakuja mwenyewe kwa ndoto, anajitaja. Ukimpa mtoto jina la mtu anayepumua, ni kama umemwambia huyo mtu afungashe.

Mimi hiyo ya pili sikuwa naijua. Nafula mwenyewe alikuwa ameisikia utotoni tu. Amekulia shule za bweni, halafu akaja Kitale.

Basi msichana wetu wa pili akaja mapema. Mapema sana. Akawekwa nursery hapo hospitali, kwa ile sanduku ya kioo yenye joto, na mpira mwembamba wa maziwa puani. Kimkono chake kilikuwa kinashika kidole changu hakimalizi kukizunguka. Kwa kadi ya sanduku wakaandika Baby Nafula, kwa sababu jina hatukuwa tumeweka.

Mama yangu akafurahi akashindwa kungoja. Asubuhi moja akatumia mama mkwe voice note, Kiswahili chake kile cha sokoni: "Mama Nafula, tumempa mtoto jina lako. Sasa uko na mwenzako."

Ikaenda. Tiki mbili. Zikageuka buluu, amesikiliza.

Halafu kimya.

Nafula akapiga video, haishikwi. Akatuma picha za mtoto, tiki moja tu. Akapiga line ya kawaida, mteja hapatikani.

Hiyo ya mteja hapatikani haikutushtua, nitawaambia kwa nini. Boma la mama mkwe liko bondeni, kwa mahindi. Network ya simu inapatikana ukipanda juu barabarani, karibu na kichuguu. Na mama alikuwa amevunjika mguu, yuko na plasta mpaka kwa goti, hapandi popote. Ndio maana tulimwekea wifi na tablet. Najua kuna mtu tayari anaandika "si ungewasha hotspot." Mkuu, hotspot ya nini na hakuna bar hata moja? Tulia.

Ya wifi nilicheki mimi mwenyewe. Niliingia kwa system yetu ya kazi nikaona antenna ya Tongaren iko up, kijani kabisa. Basi nikajiambia internet iko, mama ndiye hataki kuongea.

Nafula akapigia Senje. Senje ni dada ya baba mkwe aliyetuacha, wanaishi na mama boma moja, nyumba mbili. Alikuwa amepanda barabarani kununua sukari.

Senje akamwambia: "Mama yako anasema yeye alishasema yake. Sasa ni nyinyi."

Wakuu, hayo maneno. Nafula aliketi kwa benchi ya koridoni. Mimi pia nikaona giza, maana hayo ndiyo maneno mtu anasema akifunga mlango. Baadaye akaniangalia akaniambia pole pole, "Mama hamtaki mtoto wangu." Ndipo akanieleza ile ya jina la mtu aliye hai, vile aliisikia utotoni.

Hiyo ndiyo ilinitoa Kitale. Si kazi. Mtoto anapigania pumzi, mama yake anamkamulia maziwa na machozi, na huko Tongaren kuna nyanya amekasirika. Nikasema nitaenda nijishushe nimwombe msamaha. Jina tutabadilisha, liwe lolote.

Nikatoka asubuhi. Ukungu ulikuwa umelala kwa barabara hata hauoni mlima uko wapi. Nikapita Kiminini, nikakunja upande wa Ndalu. Mahindi yalikuwa yamekomaa pande zote, majani yamekauka, upepo ukipita yanaongea kama watu kwa harusi, hausikii neno moja lakini unajua wanakusema. Kuna mahali nilisimamisha pikipiki nikakaa chini kando ya barabara, kwa sababu nilikuwa naona sanduku ya kioo katikati ya lami. Sikumbuki nilikaa kwa muda gani. Mzee mmoja akapita na ng'ombe akaniambia "mulembe", nikaitikia, nikaendelea.

Nikafika. Senje akanipokea kwa nyumba yake.

Na hapa lazima nieleze kitu kingine, mnivumilie. Huko kwao, mkwe mwanamume na mama mkwe hawasogeleani. Hamsalimiani kwa mkono, hamkai chumba kimoja, hamtazamani usoni. Ni heshima, si uadui. Mambo yangu na mama yalikuwa yanapitia kwa Nafula ama Senje. Na chumba chake cha kulala? Hata kukitaja tu unainamisha kichwa.

Basi nikakaa veranda ya Senje. Dirisha la chumba cha mama lilikuwa ng'ambo ya ua, pazia limefungwa. Nikasikia amekohoa. Nikajua yuko, anajua niko.

Senje akaniletea chai na nduma. Hakuuliza nimekuja kufanya nini. Mimi nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Kiminini, yakaniisha yote.

Nikatoa laptop. Kusema ukweli nilitoa tu ndio mikono iwe na kazi, na nimwandikie Nafula kwamba nimefika. Ikashika wifi ya hapo. Bars zote.

"Connected, no internet."

Nikaangalia tena.

Senje akaniambia, "Hiyo kitu yenu siku hizi iko furu rakini haifungui. Mimi nilidhani bundoz imeisha."

Wakuu, kuna vile usingizi hutoka mara moja kama mtu amekumwagia maji. Hii ilitoka nusu. Nusu nyingine ilibaki, na ndio maana yaliyofuata nayakumbuka kama ndoto.

Kwa wale si wa hii kazi: simu ikiingia kwa wifi, inauliza kwanza, "Mimi ni nani hapa? Na mlango wa kutoka uko wapi?" Kuna kitu kimoja kazi yake ni kujibu. Kinaitwa DHCP, kinakaa ndani ya router. Kinakupa namba yako, na kinakuonyesha mlango, ndio gateway. Hiyo namba unaazimwa tu. Ukienda, anapewa mwingine. Na kwa network moja anayejibu anatakiwa awe mmoja. Wakiwa wawili, kila mtu anaitwa majina mawili na anaonyeshwa milango miwili.

Nikafanya release, nikafanya renew, yaani narudisha namba naomba nyingine. Nikapata namba nzuri, 192.168.0 na mbele yake. Gateway 192.168.0.1. Kila kitu kinakaa sawa. Nikaping gateway, yaani nikaibishia hodi, inajibu vizuri. Nikaping nje, hakuna.

Nikarudia. Mara hii ilikosa namba kabisa, laptop ikajipa yenyewe ile ya 169.254. Hiyo inakuja mtu akiuliza na asijibiwe. Sijui kwa nini hiyo iliniuma, nimeiona mara elfu kwa kazi. Niliona tu ile kadi ya Baby Nafula.

Nikaacha ping ikimbie. Mstari, mstari, mstari. Upepo kwa mahindi, kuku wa Senje wanaparura, na ile mistari ikishuka ikaanza kulia kama mashine ya nursery. Nikalala nikiwa nimekaa, kikombe mkononi. Nikaota nimesimama mbele ya nyumba mbili zimefanana, na kwa kila mlango kuna mtu anasema "ni hapa."

Chai iliponimwagikia kwa paja nikaamka.

Na nikiwa bado sijaamka vizuri nikaandika arp -a. Hiyo inakuonyesha ile namba ya mlango ni ya kifaa gani hasa, kwa ile namba yake ya kuzaliwa, MAC. Nikaiangalia. Nikangoja kidogo, nikaandika tena.

MAC imebadilika.

Mlango ni ule ule, 192.168.0.1. Lakini mara ni kifaa hiki, mara ni kile.

Nikamwita Senje. Nikamwuliza kama kuna mtu ameongeza kitu chochote kwa hii internet.

Akafurahi sana kuulizwa. Akanishika mkono mpaka sebuleni kwake, akafunua kitambaa cha kufuma, kile cha kuwekelea redio. Chini yake kuna router. Inapepesa taa.

"Nirinunua Kanduyi, pale kando ya barabara, kwa kijana anauza chaja. Akaniambia ukiweka hii, waifai inafika mpaka jikoni. Si imefika?"

Imefika, Senje. Imefika bila internet.

Alikuwa amenunua na waya ndefu, akaipitisha chini ya ua ndani ya mpira wa kumwagilia maji, kazi safi kuliko ya mafundi wengine nawajua, akachomeka ncha moja kwa box yake na nyingine kwa router kubwa ya mama. Nikamwuliza hiyo ilikuwa siku gani. Akasema siku ile mama ya Baba Shiru alituma sauti asubuhi, yeye aliweka mchana.

Nikakaa chini kwa kiti chake bila kukaribishwa.

Kumbe ni hiyo. Box mbili, zote zimetoka kiwandani zikiambiwa zijiite 192.168.0.1, zote zinagawa namba. Tablet ya mama inauliza mlango uko wapi, box ya Senje inawahi kujibu, "ni mimi." Na yenyewe haina njia ya kwenda popote. Antenna huku juu iko up, kijani kabisa, inanidanganya mimi mwenye system.

Basi mama hajanyamaza. Ama amenyamaza? Hapo bado sikuwa najua. Internet kufa haimaanishi hakukasirika. Ile "alishasema yake" ilikuwa bado inanizunguka kichwani.

Nikataka kwanza nitenganishe hizo box mbili. Ningezima tu ya Senje, sindio? Shida ni kwamba nilitaka kuingia ndani yake niibadilishe, na nikiwasha tu zinaanza kupigania jina tena. Na ncha ya huku Senje alikuwa ameibandika na gundi ndio isitoke, kwa hivyo njia safi ni kuchomoa ile waya upande wa router kubwa.

Na router kubwa iko wapi? Kwa chumba cha mama. Kando ya kitanda, kwa sababu betri ya solar iko hapo. Workmate ndiye aliweka, mimi singeweza kuvuka huo mlango. Nilimwambia aandike herufi kwa kila mahali pa kuchomeka waya ndio kukitokea shida tusaidiane kwa maneno. Akaandika R kwa ile ya kwenda roof, na L kwa ile ya LAN, nafasi ya kuongeza vitu baadaye. Mtu wa maana.

Nikamwambia Senje aende achomoe ya L.

Mnaanza kuona, ama bado?

Mimi ni Mkikuyu. L kwangu ni mgeni, inakuja ikipenda. Senje ni Mbukusu, L na R kwake ni mapacha, yeyote akikuja anakaribishwa. Nikasema "ya L", kinywa changu kikatoa nilichotoa. Senje akasikia alichosikia. Akavuka ua, akaingia, akamwambia mama alichomwambia, na mama kwa sababu yuko karibu na hiyo kitu akanyosha mkono akachomoa.

Akachomoa R. Ya roof.

Sasa hakuna antenna hata kidogo. Nikaping, kumekauka kabisa. Nikamwuliza Senje kwa sauti umetoa L? Akajibu kutoka ndani, "Nimetoa R!" Nikasikia L. Nikasema sawa. Nikashinda hapo najikuna kichwa, nikaamini router kubwa imeungua. Nikamwambia airudishe, atoe tena. Akarudisha, akatoa ile ile. Nikaanza kufikiria kurudi Kitale kuleta nyingine, na Nafula yuko kwa benchi anangoja nimwambie mama amesema nini.

Hapo ndipo pazia likasogea kidogo. Dirisha likafunguliwa kiasi cha mkono. Na sauti ikatoka, sauti ambayo katika miaka ya ndoa yangu haijawahi kunisemesha moja kwa moja.

"Baba Shiru. Hiyo unataka ni ya Lugari ama ya Rongai?"

Nikasimama. Nikaangalia chini, kama inavyotakiwa. Lakini hata hapo, wakuu, kwa sikio langu ilikuwa Rugari na Longai.

Nikasema, "Mama, ni ile ya huku karibu. Si ile ya kule mbali Nakuru."

"Ile ya karibu."

"Eeh, mama. Ya karibu."

Nikasikia tik ya plastiki.

Halafu nikasikia akarudisha na ile ya mbali bila kuambiwa.

Ngojeni kidogo hapa. Router ilichukua muda kujipata. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwa ua, mahindi hayaonekani, ni sauti yake tu. Senje alikuwa amesimama katikati ya ua hajui arudi wapi.

Kisha tablet ikaanza kulia huko ndani. Ting. Ting, ting, ting. Zile picha zote za mtoto, zile missed call zote, zinamwagika kwa kitanda cha mama. Na laptop yangu ikapata internet, na kabla sijaandika chochote simu ikaita kwa hiyo wifi. Ni Nafula.

Analia. Nikafa moyo. Nikajua mtoto.

"Baba Shiru, mama ametuma voice note. Nne. Zote zimeingia saa hii. Alikuwa anatuma siku hizi zote."

Kumbe zilikuwa zimekaa kwa tablet na kile kisaa kidogo kando, kile cha kusema inangoja kutoka. Mama hajui maana ya kisaa. Yeye alibonyeza, akaongea, akaachilia. Kwake zimeenda.

Nafula akanichezea zote akiwa kwa koridoni. Nazikumbuka hivi.

Ya kwanza, anacheka kidogo: "Nafula, nimesikia mama ya Baba Shiru. Mwambie asante sana, hiyo ni heshima kubwa. Lakini hilo jina mimi bado nalitumia."

Ya pili ni ya kesho yake, asubuhi, sauti bado ina usingizi: "Kukhu yako amekuja. Mama yangu. Amesimama hapa mlangoni, ameloa, na kikapu chake, ananiuliza kama kuna mahali pa kulala. Nimemwambia ingia. Mtoto ni Nelima. Mmwite."

Ya tatu: "Mmeshamwita? Mtoto asipoitwa jina lake hawezi kunyonya. Mwite hata kwa hicho kioo, atasikia."

Ya nne ilikuwa na kimya kirefu mbele. Unasikia kuku, unasikia upepo. Halafu: "Kama hilo jina hamlitaki kwa sababu ni la huku, si mniambie tu. Mimi nimeshasema yangu."

Wakuu, hiyo ya nne ilinimaliza. Sisi tuko Kitale tunasema mama hamtaki mtoto. Yeye yuko kitandani na mguu wake, anasema Wakikuyu wamekataa mama yake. Kila mtu anangoja mwenzake, na katikati kuna box ya Kanduyi imefunikwa kitambaa.

Nafula hakungoja. Akapiga video kwa mama. Sista wa zamu akamruhusu aingie nayo kidogo. Mimi sikuona, nilikuwa kwa veranda nimegeuka upande wa ukuta, machozi yakinitoka kama mtoto na Senje akinipa leso yake ya kanisa. Lakini dirisha lilikuwa limebaki wazi kiasi cha mkono, nikasikia.

Mama alimwita. "Nerima. Nerima. Nerima wa mama." Kwa R. Akamwambia mambo mengine kwa Kibukusu, pole pole, kama mtu anamwonyesha mgeni nyumba, hapa utalala, hapa kuna moto. Sikuelewa yote.

Mtoto hakufanya chochote. Nafula ameniambia alikuwa amelala, alikunja tu uso kidogo vile hukunja. Sitawadanganya ati alifungua macho. Maziwa ya mpira aliendelea nayo siku kadhaa. Lakini Nafula alilala usiku huo, na nyinyi mliokaa hospitali na mtoto mnajua hiyo ni kitu kubwa.

Baada ya hapo nikamaliza kazi. Nikaunganisha laptop na box ya Senje peke yake, nikazima DHCP yake, nikaibadilisha namba ikawa .2, nikaweka password mpya, nikaandika chini yake kwa marker. Ndipo nikaomba waya ya Lugari irudishwe. Box zote mbili zikakaa pamoja bila kelele. Wifi ikafika jikoni, na internet ndani yake. Senje akapiga kuku wake picha akanitumia nikiwa nimekaa mita mbili kutoka kwake.

Nilikuwa nakunja waya nikiwa tayari kuondoka, sauti ikatoka tena dirishani.

"Baba Shiru."

"Naam, mama."

"Mama yako hatakasirika? Alinipa kitu kizuri, mimi nimemrudishia."

Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Mama yangu alikuwa ameshaambia kanisa nzima jina la mtoto. Kwetu kurudishiwa jina hakuko, ni kama umepeleka kikapu kikarudi na vitu vyake ndani.

Nikampigia hapo hapo kwa hiyo wifi, nikiwa nimesimama kwa ua. Nikamweleza kwa Kikuyu yote, ndoto, kikapu, mtu aliyeloa, na ile ya kwamba kwao jina la mtu aliye hai haliguswi. Nikamwambia vile mama alisema, hilo jina bado nalitumia.

Akanyamaza.

Nikaangalia screen nikidhani network imekataa tena. Dakika zilikuwa zinahesabu vizuri.

Kisha mama yangu akasema, "Bado analitumia?"

"Eeh."

"Basi mwambie alitumie. Alitumie mpaka lichakae."

Nikageuka upande wa dirisha, macho chini, nikatafsiri neno kwa neno.

Nikasikia kitanda kikilia, nikasikia ile plasta ikigonga ukuta. Halafu mama mkwe akacheka. Alicheka mpaka Senje naye akashikwa, mpaka mama yangu huko Kitale akasikia kwa simu akaanza yake, na mimi katikati ya ua kwa ukungu nimeshika simu juu kama kipaza sauti cha mkutano.

Basi, nimejifunza nini.

Ya kazi: ukipata "connected, no internet" na namba inaonekana nzuri, usikimbilie kulaumu provider. Angalia gateway ni nani hasa. Fanya arp -a mara mbili tatu, MAC ikibadilika jua kuna mwingine kwa nyumba anajibu maswali. Mtafute chini ya vitambaa. Router ya kuongeza wifi inazimwa DHCP na kubadilishwa namba kabla haijachomekwa. Na herufi za waya msiweke L na R huku kwetu, tafadhali. Weka rangi.

Ya nyumbani ni fupi. Mimi nilimhukumu mama wa watu kwa tiki moja, na kazi yangu ni kujua tiki moja maana yake nini.

Nelima ameruhusiwa kutoka nursery. Saa hii naandika amelala kwa kifua cha Nafula hapa kando yangu, ananyonya akisinzia, akisinzia ananyonya.

Haya, uwanja ni wenu. Wale mmeoana makabila mawili, nyinyi majina mlipatana vipi, na nani alirudi nyuma? Na mafundi wenzangu, mmewahi kupata router ya pili imefichwa wapi? Nitajibu wote, lakini pole pole, nimebakiwa na mkono mmoja wa ku-type. Ule mwingine mtoto ameshika kidole.